Mwalimu Asiyekuona

Je, mtu anaweza kumfundisha mtu ambaye hamwoni, hamjui jina, wala hatakutana naye hata siku moja? Swali hili huonekana kuwa la mafundi: kama umeme upo, kama mtandao unashika, kama kioo ni kikubwa kiasi cha kuonekana na mtoto aliyekaa dawati la nyuma. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili, na katika kurasa hizi chache nitajaribu kueleza kwa nini. Nilifundisha shule za vijijini katika mkoa huu wa Ruvuma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikionekana kuegemea upande wa chaki. Nitajitahidi kuutendea haki upande wa pili.

Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako. Majenereta ya dizeli yaliyotunyima usingizi kwa miaka mingi yakanyamaza, na nguzo zikaendelea kusogea vijijini. Nyuma ya nguzo zikaja kompyuta, projekta na vioo vya ukutani. Leo katika shule kadhaa za sekondari za kata mwanafunzi anaweza kukaa darasani, mvua ikipiga bati na barabara ikiwa tope tupu, akasomeshwa na mtaalamu aliyeko Dodoma au Dar es Salaam, au hata ng'ambo.

Nilialikwa kuona somo moja la namna hiyo katika shule ambayo sitaitaja. Kidato cha tatu walikuwa wakisoma fizikia, mada ya lenzi. Shule hiyo ilikuwa imekaa mihula miwili bila mwalimu wa fizikia. Maabara ilikuwepo, maana wanakijiji walichangishwa kuijenga katika ile kampeni ya maabara ya mwaka 2014; meza zilikuwepo, sinki zilikuwepo, hata bomba la maji lilikuwepo ingawa maji hayakuwa yakitoka. Mwalimu ndiye aliyekosekana. Sasa huyu hapa ukutani, kijana nadhifu, anajua kazi yake, anachora miale ya mwanga kwa rangi tatu. Kila baada ya dakika chache aliuliza kwa Kiingereza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa. Kisha nikagundua kwamba kipaza sauti cha upande wetu kilikuwa kimezimwa tangu mwanzo ili kupunguza matumizi ya bando. Watoto arobaini na zaidi walikuwa wakimjibu mtu asiyewasikia, naye alikuwa akitulia kidogo, kana kwamba amesikia, kisha anaendelea.

Nilimtazama mwalimu wa darasa, ambaye kwa taaluma ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yake siku ile ilikuwa kuwasha na kuzima. Alitabasamu, akainua mabega.

Sasa, kabla msomaji hajanicheka kwa kushangaa jambo dogo kama kipaza sauti, nimlete jirani yangu. Ni bwana shamba mstaafu, mtu wa maneno machache na makali, na mjukuu wake wa kike yuko katika darasa lile lile. Nilipomsimulia niliyoyaona alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, mtoto hana fizikia. Miezi minane hana fizikia. Wewe unaniletea falsafa?" Akaongeza kwamba mjukuu wake anataka kusomea uuguzi au maabara, na kwamba mtihani wa kidato cha nne hauulizi kama aliyekufundisha alikusikia au hakukusikia.

Sina jibu jepesi kwa hoja hii, na ninaomba msomaji asiisahau anapoendelea kusoma. Ni rahisi kwa mtu aliyekwisha kusoma kukaa chini ya mwembe na kupima ubora wa kioo. Kwa mtoto asiye na mwalimu, kipimo si kati ya kioo na mwalimu bora. Ni kati ya kioo na ubao mtupu. Anayeupinga mtambo kwa sababu si mwalimu kamili lazima kwanza amwambie mtoto huyo mwalimu kamili atafika lini, na kwa basi gani.

Aidha, lalamiko kuhusu mwalimu asiyesikia si geni. Sokrate wa Ugiriki ya kale, kama alivyoelezwa na mwanafunzi wake Plato, aliyalaumu maandishi kwa sababu hiyo hiyo: ukiyauliza swali hayakujibu, hurudia yale yale, na hayajui kuchagua nani wa kusema naye na nani wa kumnyamazia. Lakini lawama hizo tunazijua kwa sababu Plato aliziandika! Nami nilisomeshwa na watu wengi waliokufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo haiwezekani kwamba ubaya uko katika kutoonana tu. Kitabu hakinioni, wala sijawahi kuona kwamba kitabu kimenidharau.

Tofauti, nadhani, ni kwamba kitabu hakijifanyi kuniona. Kinakaa mezani kimya, nakifungua na kukifunga nitakavyo, narudi nyuma, napiga mstari, nabishana nacho pembeni mwa ukurasa. Mtu wa kwenye kioo ana uso, ana macho, anauliza kama nimeelewa, halafu hangoji jibu. Mtoto anafundishwa fizikia, na papo hapo anafundishwa kwamba kuulizwa ni desturi tu na jibu lake halina uzito. Somo hilo la pili halimo katika muhtasari, lakini mtoto hulishika haraka kuliko la lenzi.

Mambo haya yana historia ndefu hapa kwetu, ingawa tunayazungumza kana kwamba yamezaliwa na simu za kisasa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika jaribio la sinema za mafunzo lenye makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, chini ya Waingereza, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza filamu karibu 35, wakazipakia kwenye lori pamoja na mitambo na kuzunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kulikuwa na filamu juu ya kilimo, afya, kodi na benki ya posta. Jambo linalonigusa ni mpango wenyewe wa kazi: mtaalamu aliamua mwanakijiji akose nini, kisha akamwonyesha jinsi ya kuacha kukosa. Mwanakijiji alikuwa na kazi moja, kutazama. Lori likaondoka.

Miaka karibu arobaini baadaye nilishuhudia kitu cha namna nyingine kabisa, na hapa nazungumza niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Ilidumu wiki 12, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki. Nilikuwa mwalimu kijana, nikapewa kikundi cha kuongoza, mmoja wa viongozi zaidi ya 70,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Tulikuwa na redio moja ya mkulima, mali ya katibu wa tawi, na kitabu kidogo. Tulikaa chini ya mti saa za jioni. Mtaalamu wa Dar es Salaam alisema juu ya malaria, kipindi kikaisha, redio ikazimwa ili kuokoa betri. Kazi ilianzia hapo. Kitabu kilisomwa kwa sauti, kisha likaja swali: hapa kwetu je? Kina mama walibishana na kina baba juu ya nani achimbe choo na wapi. Mzee mmoja alisema madimbwi ya mbu anayozungumzia yule bwana wa redioni hayako kama ya kwetu, akatupeleka kutuonyesha ya kwetu, na tukakubaliana siku ya kuyafukia.

Mtaalamu yule hakutuona. Hakujua kama tulikuwa kumi au mia. Hata hivyo sijapata kuhisi kwamba tulidharauliwa, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu langu ni kwamba waliopanga kampeni ile walijua redio haisikii, wakakiri hivyo tangu mwanzo, na kwa sababu walikiri, wakaweka mtu wa kusikia katika kila kikundi. Sauti ya mbali ilipewa robo tatu ya saa, au pungufu. Saa zilizobaki zilikuwa zetu.

Baadaye, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974 la kutaka kila mtoto aende shule, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na msaada wa waratibu waliowatembelea. Walimu wa UPE walichekwa sana, na baadhi ya kicheko kilistahili. Lakini mimi nilifanya kazi nao. Waliofaulu ni wale waliokuwa na mratibu aliyekuja kweli, akakaa nyuma ya darasa, akasema, "Hapa umekosea, tuanze tena." Walioachiwa redio peke yake walibaki wakirudia maneno ya redio.

Juu ya Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, sitasema mengi. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo hadi kwenye vituo vilivyokuwa katika vyuo vikuu vya Afrika, Dar es Salaam ikiwemo, na wanafunzi waliweza kuuliza kwa simu. Makao yake yalihamia Nairobi mwaka 2002. Msomaji atambue tu kwamba simu ilikuwepo, yaani swali lilikuwa na njia ya kurudi. Lakini mada za kuulizia zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa kwingine. Njia ya kurudi haitoshi kama safari yenyewe imepangwa na upande mmoja.

Hapa Songea tuna mfano wetu wa watu waliojaribu kuipanga safari wenyewe, nao ni Litowa. Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kijiji hicho mwishoni mwa mwaka 1960. Mara ya kwanza walishindwa, wakarudi tena mwaka uliofuata, kikasimama. Kutokana na kijiji hicho kilizaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho hadi mwaka 1969 kilikuwa na vijiji 17. Walikuwa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Walikuwa na wataalamu wa kigeni pia, na hapa ndipo penye jambo ninalolitafuta. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi pale na mkewe na watoto wao kama mshauri. Alishauri, na mkutano wa kijiji ukaamua. Mara nyingine uliamua kinyume cha ushauri, na mshauri alikuwepo kesho yake kula ugali uliotokana na uamuzi huo.

Shule ya Litowa, chini ya Suleman Toroka, ilifundisha watoto wa vijiji vile kusoma na kuhesabu, lakini iliwauliza pia kijiji chao kinahitaji nini. Wazazi walikaa na walimu kujadili kinachofundishwa. Mwalimu Nyerere alipatembelea na kupasifu, na mwaka 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea wengi wetu tuliona ndani yake kivuli cha Litowa. Septemba 1969 chama kile kikavunjwa na TANU yenyewe, mali ikachukuliwa, walimu wakahamishiwa mbali. Sababu zake zimeandikwa na wengine na sitazirudia, ila moja ilikuwa hii: watu waliozoea kuuliza huendelea kuuliza hata pale wakubwa wanapotaka wasikilizwe. Ndugu msomaji asidhani kwamba jambo la nani anayeruhusiwa kuuliza ni jambo dogo la darasani.

Kwa hiyo naona maneno mawili ambayo tunayachanganya: umbali na kutowajibika. Mtaalamu wa mbali si lazima asiwajibike, na mwalimu wa karibu si lazima awajibike. Nasema hivi nikijua ninachosema. Nimefanya kazi na walimu waliokaa nyumba ya tatu kutoka shuleni na hawakuonekana darasani tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Nimeona fimbo zikitumika mahali palipohitaji maelezo. Kioo, tukiseme kwa haki, hakichapi mtoto, hakilewi, na hakimwiti binti ofisini baada ya masomo. Mzazi wa msichana ana sababu yake ya kukipenda, na ni sababu nzito.

Lakini mwalimu wa karibu, awe mbaya namna gani, ana jambo moja ambalo kioo hakina: anaweza kukamatwa shati. Matokeo yakitoka mabaya atakutana na wazazi mnadani, kanisani, msikitini, msibani. Bibi mmoja aliwahi kunisimamisha njiani na kikapu kichwani, akaniuliza mbele ya watu kwa nini mwanawe hajui kugawanya. Sikufurahi siku ile. Kesho yake nilifundisha kugawanya upya. Mtaalamu wa kwenye kioo hana wa kumsimamisha njiani. Akikosea, kosa linabaki kwetu na yeye anaendelea na somo lingine, tena bila nia mbaya, hajui tu. Mwema asiyejua madhara yake si mwovu, lakini hatuwezi kumwachia mtoto peke yake.

Kuna mradi mmoja uliwahi kuleta mtambo katika shule nyingine ninayoijua. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa, watoto wakaimba. Betri ilipokufa mwaka uliofuata hapakuwa na namba ya simu iliyojibiwa. Mtambo ukafungiwa stoo pamoja na magunia ya mahindi. Waliouleta wanaamini mpaka leo kwamba shule ile inasoma kwa video, na nina hakika imeandikwa hivyo mahali fulani.

Jambo la mwisho linahusu neno lenyewe, mtaalamu. Jirani zetu wa Mbinga, Wamatengo, wanalima kwenye miteremko mikali ambayo kwingine ingekuwa imekwisha kumomonyoka na kubaki mawe. Wanalima kwa ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati na kuzifunika nyasi, mpaka shamba lote linakuwa kama sega la nyuki, mashimo na matuta. Maji ya mvua hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, nyasi huoza na kuwa mbolea, maharage hupandwa kwanza na mahindi msimu unaofuata. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao kutoka Japani walikuja Mbinga kusoma ngoro, wakapima, wakaandika. Hapo mtaalamu wa mbali alikuwa mwanafunzi, na mama aliyeinamia jembe ndiye aliyekuwa mwalimu. Lakini tukisema shuleni kwamba watoto watajifunza kutoka kwa wataalamu, hakuna mtoto hata mmoja anayegeuka kumtazama mama yake. Wote hugeuka kutazama ukuta.

Kwa hiyo nikirudi kwa jirani yangu bwana shamba, ninamkubalia zaidi ya nusu. Mtambo ubaki. Mjukuu wake asikose fizikia kwa ajili ya falsafa yangu. Ila nimeiomba kamati ya shule mambo machache. Kipaza sauti kiwashwe, hata kama bando litaisha mapema na somo liwe fupi; dakika ishirini za kusikilizana ni bora kuliko sitini za kuitikia ukuta. Yule mwalimu wa Kiswahili asiwe mlinzi wa swichi. Apewe mamlaka ya kusimamisha somo katikati, kueleza kwa Kiswahili, kuuliza nani amepotea na wapi, na aendelee akiwa tayari, kama tulivyoifanyia redio mwaka 1973. Si lazima ajue fizikia yote. Inatosha awe na haki ya kusema "ngoja." Maswali ambayo hayakujibiwa yaandikwe kwenye daftari na kutumwa kwa mtaalamu kila Ijumaa kwa jina la shule, naye akishindwa kuyajibu wiki tatu mfululizo, shule itafute mwingine.

Ombi la nne lilileta kicheko. Niliomba kwamba mara moja kwa muhula somo liende upande wa pili: mama wa Mbinga asimame shambani mbele ya kamera na awafundishe wanafunzi wa mjini kukata ngoro, nao wamuulize maswali, na alipwe posho ile ile anayolipwa mtaalamu. Mwenyekiti alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza posho hiyo ni kiasi gani. Hakuna aliyejua. Mwalimu mkuu aliahidi kuulizia. Mjumbe mmoja akasema fedha za bando zenyewe hazijalipwa tangu mwezi wa pili, na suala zima likaahirishwa hadi baada ya mavuno.